Difu la Datsun ya Baba

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, mtaa wa spea wa Chang'ombe ulikuwa umefurika. Wanaume walipita na milango ya magari vichwani, wengine wakiburuta injini kwa minyororo juu ya kokoto, na redio nne zilipiga singeli nne kwa wakati mmoja. Ndani ya rabsha hiyo akaingia kijana mrefu wa kanzu nyeupe pe, pasi imekaa mpaka mikunjo inakata, kofia ya mkono kichwani, ametoka msikitini moja kwa moja. Alinukia udi. Watu walimpisha, na si kwa heshima tu. Kila mmoja aliogopa asije akawa yeye atakayempaka oili.

Tupokigwe alimwona tangu alipokata kona. Yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya beseni la dizeli, brashi mkononi, anasugua gia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa Mzee Marijani, mwenye uwanja: kila chuma kilichotolewa kwenye gari la kukatwa kipite kwanza mikononi mwake, akioshe, akitambue, akifunge waya wenye jina. Shule aliishia darasa la saba. Lakini mpe chuma chochote kilichotoka chini ya gari, umfunge na macho, atakwambia kimetoka gari gani na dereva wake alikuwa mtu wa namna gani.

Gibson, muuzaji wa pale, alikuwa ameshamnasa mgeni. Alimwekea miguuni difu moja zito, lile bonge la gia linalozungusha matairi ya nyuma, akalipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe, akaapa kwamba ndilo lenyewe la Datsun, limelala pale mwaka mzima likimsubiri yeye. Kijana akainama kulitazama. Alikuwa anatabasamu.

"Mwambie akuzungushie," Tupokigwe akasema bila kuinua kichwa.

Kijana akageuka. "Samahani, sista?"

"Hapo mbele panapofungwa propela, ule mhimili mrefu utokao kwenye gia boksi. Pazungushwe, uhesabu. La gari lako linatakiwa lizunguke mara tatu na kitu, tairi lizunguke mara moja. Hilo litakwenda nne na zaidi. Limetoka mbele ya pikapu. Kwa nje wamefanana, ndani ni watu wawili tofauti."

Gibson alimwambia aoshe vyombo vyake, asimharibie biashara. Tupokigwe akamjibu taratibu kwamba hamharibii, anamwokoa, maana mteja angerudi Jumatatu bila kanzu, ila na hasira. Wapakizi wakacheka. Gibson akalivuta difu lake pembeni.

Kijana akaja kuchuchumaa mbele ya beseni. Pindo la kanzu likaingia kwenye dizeli na wala hakujali. Akamuuliza amejuaje ni gari la aina gani, na yeye hakulitaja ila Datsun.

"Umesema Datsun mara tatu, na kila ukisema unatabasamu. Mtu wa pikapu hatabasamu."

Jina lake Jawad. Kwao Kinondoni, familia yenye duka la vitambaa tangu enzi za babu. Na gari lilikuwa la huyo babu, Mzee Matar: Datsun ya michezo, ya milango miwili, pua ndefu, nyumbani waliiita Zedi. Iliachwa kwa fundi mmoja miaka mingi nyuma, ikarudi kwa kuburutwa, gia boksi hamna, propela hamna, difu hamna. Sasa mzee miguu imekataa, na jambo analolitamani ni kuisikia Zedi ikiondoka getini, yeye akiwa ndani, hata mara moja.

Tupokigwe alimwambia vitu hivyo havipatikani hovyo, akachukua namba yake. Pale uwanjani kila mteja aliandikwa kwenye simu kwa kitu anachotafuta. Alikuwepo Mama Rejeta, alikuwepo Mchungaji Klachi. Huyu akaandikwa Jawad Difu.

Difu halikupatikana wiki ile, wala iliyofuata. Lakini simu zilianza, kila siku saa saba, muda ambao uwanja unapumua.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Nikuletee sambusa?"

"Lete. Na sabuni."

Alileta. Alileta sambusa, akaleta tende, akaleta siku moja kitambaa cha hariri rangi ya zabibu ambacho Tupokigwe alikikunja akakirudisha mfukoni mwake, akamwambia amletee glovu. Jawad akaleta glovu jozi sita. Siku ile ndipo moyo wa Tupokigwe ulipokubali, kwa sababu zilikuwa ndogo, saizi ya mkono wake, na saizi ile uwanjani hakuna aliyewahi kuifikiria. Wakawa wanakula chipsi pamoja kwenye benchi la mama muuzaji, yeye na ovaroli lake, Jawad na mashati yake yaliyonyooka, na watu wakaongea mpaka wakachoka. Dini zao walizitaja mara moja, wakaziweka pembeni kwa adabu, kama mtu anavyoweka sahani ya moto ipoe. Na lile jina kwenye simu, kila siku alisema atalibadilisha.

Mwezi wa nne tangu wajuane, Tupokigwe akamkaribisha Jawad nyumbani kwao, Keko, asalimiane na mama.

Nyumba yao ilipakana na mafundi wa samani, mashine za kuranda zinalia tangu asubuhi, na unga wa mbao unaanguka uani kama mvua kavu. Jawad alimwamkia mama shikamoo, akapewa kiti, akanywa chai. Kisha Tupokigwe akampeleka nyuma ya nyumba, akalifunua turubai.

Ilikuwa Datsun ya milango minne, rangi ya maziwa. Baba yake, Mwalimu Stanley, alishuka nayo kutoka Tukuyu alipohamishwa Dar, na akamfundisha humo binti yake kutofautisha plagi na kabureta kabla hajajua kusuka nywele. Baba alifariki miaka mitatu iliyopita, gari likiwa limesimama. Siku za mwisho alimwambia, hii ikiamka, utaiamsha wewe. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Tupokigwe alifanya kitu kimoja tu. Jumapili moja sili ya kuzuia oili. Jumapili nyingine bolti nne. Pale propela inapokutana na difu alichora mstari kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, ili siku ya kufungua na kufunga virudi pale pale viliposhikana.

Jawad alilala chali kwenye unga wa mbao na shati lake safi, akachungulia chini. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alisema, "Hongera, fundi," akapangusa mikono, akawa kimya njia nzima mpaka kituoni.

Tupokigwe aliuona ule ukimya. Ni mtu wa kuona. Alijua chini ya Datsun ile kuna kila kilichokosekana kwenye Zedi, gia boksi yake, propela yake, difu lake lenye tatu na kitu. Akasubiri Jawad aseme. Angesema, angemjibu. Hakusema.

Na kaka yake Tupokigwe, Rogers, alikuwa dirishani akiwatazama tangu turubai lilipofunuliwa.

*

Jumapili ya ibada ya mavuno walichelewa kanisani, yeye na mama, maana baada ya ibada kulikuwa na mnada wa kuku na ndizi. Walirudi saa nane. Tupokigwe alikuwa na gauni la kitenge la bluu na njano lenye mabega yaliyosimama, kilemba cha kitambaa hicho hicho, viatu virefu, kucha amepaka nyekundu. Alienda nyuma kuanika mwavuli.

Turubai lilikuwa chini. Datsun imekaa juu ya matofali, na chini yake kulikuwa na mwanga. Unaona upande huu mpaka upande wa pili, unaona kuku anapita. Gia boksi hamna. Propela hamna. Difu hamna. Bolti za baba yake zimetupwa kwenye kopo la rangi, mbili zimekatwa kwa patasi kwa sababu mtu alikosa subira ya kuzilegeza.

Hasira za Tupokigwe hazikuwa na kelele. Alikuta Rogers sebuleni anakula, akamuuliza ni nani. Rogers akasema hata kabla hajameza: gari la marehemu ni la wote, limeoza, ua unahitajika kujengwa vyumba viwili vya wapangaji, na yule mchumba wako amechukua vyuma vya chini kwa makubaliano, amefanya na msaada wa kutuma mafundi. Alisema "mchumba wako" akicheka kidogo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kuku wake wa mnada mkononi. Akamwambia mwanawe neno moja tu, kwamba kabla hujabomoa vya marehemu, yuko mtu aliyebaki wa kuulizwa. Akaenda jikoni. Rogers akaacha kula.

Tupokigwe hakubadilisha hata viatu. Alipanda bodaboda upande, gauni amelishika kwa ngumi, Barabara ya Kawawa yote mpaka Kinondoni, na dereva aliyekuwa akimchokoza kwa maneno hapo mwanzo alinyamaza kabla ya Magomeni.

Geti lilikuwa wazi. Zedi ilikuwa uani juu ya stendi, nyekundu iliyofifia, nzuri kama tusi. Fundi wao, Venance, alikuwa amechuchumaa pembeni anaosha propela kwa thina ya kutolea rangi. Mzee Matar alikuwa barazani kwenye kiti cha kulala, kikoi na shali, macho ameyafumba. Na Jawad alikuwa na ovaroli jipya ambalo bado lina alama za kukunjwa dukani. Alipomwona Tupokigwe, uso wake ukafunguka.

"Fundi. Umekuja. Nilitaka kukupigia jioni." Kisha akapunguza sauti. "Pole. Najua haikuwa rahisi kwako."

Lile pole ndilo lililomchoma. Angemkuta anajificha, angemkuta anaapa uongo, angejua la kufanya. Alimkuta anampa pole.

Tupokigwe alienda mpaka kwenye gunia ambalo difu lilikuwa limelazwa. Akalionyesha kwa kidole.

"Hiyo rangi unaijua?"

Jawad akatazama ule mstari mwekundu. Kisha akatazama kucha za Tupokigwe. Uso ukaanza kujifunga.

"Rogers alikwambia nini?" Tupokigwe akauliza.

"Alikuja dukani. Alisema umekubali. Ila hutaki kuona likifunguliwa, wala usitajiwe, kwa sababu ya baba. Tuje mkiwa kanisani."

"Ukaamini."

"Nikaamini."

"Alhamisi tumeongea nusu saa. Umeniuliza nimekula nini. Umeniuliza paka wa Mzee Marijani amezaa wangapi. Paka, Jawad."

Venance aliacha kusugua. Jawad akajaribu kueleza. Kwao, baba yake alipofariki, mama yake alikaa eda, na hakuna aliyethubutu kumtajia kitu cha marehemu, hata kandambili. Yote yalipitia kwa wanaume wa nyumba, kwa kunong'ona, ili asitoneshwe. Ndivyo alivyokua akijua. Rogers aliposema usimtajie, yeye aliona anamheshimu.

"Mie si mjane," Tupokigwe akasema. "Na siko eda. Kwetu mtu akitaka cha mtu, anamuuliza mwenyewe. Miaka mitatu nimelala chini ya lile gari, Jumapili kwa Jumapili, na wewe nilikufunulia mwenyewe kwa mkono wangu. Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na namba yangu."

"Tupo, nisikilize mpenzi wangu..."

"Usiniite hivyo mbele ya difu la baba yangu." Akatoa simu kwenye pochi, akaifungua, akamsogezea mpaka puani. "Soma. Ndivyo ulivyoandikwa humu. Miezi minne nasema nitabadilisha. Kumbe simu ilikuwa na akili kuliko mimi."

Jawad akasoma jina lake.

Tupokigwe aligeuka, akamkuta Mzee Matar amefumbua macho, anamtazama. Hasira au si hasira, akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba, taratibu, kama mtu aliyeona aibu ndani ya nyumba yake. Alipokuwa akitoka kisigino cha kiatu kilizama mchangani, akakichomoa kwa nguvu. Hata kile kiatu kilimkera.

*

Jawad alipiga jioni ile mara tano. Jumatatu mara nne. Jumanne hakupiga, na hilo nalo likamuudhi. Uwanjani alisugua vyuma mpaka Mzee Marijani akamwambia, binti, hizo gia zilikuwa zimeshatakata tangu saa nne, unatafuta nini tena humo. Gibson alifungua mdomo amtanie, akautazama uso wake, akafunga mdomo.

Jumatano asubuhi kirikuu kimoja, kile kipikapu kidogo cha mizigo, kikarudi nyuma mpaka uani Keko. Akashuka Jawad, ovaroli sasa limechafuka kweli, kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Ndani ya kirikuu, juu ya godoro kuukuu, kulikuwa na gia boksi, propela, difu na shafti zake mbili za pembeni, kila kimoja kimefungwa blanketi. Akamwamkia mama. Akavishusha yeye na dereva, kimoja kimoja, wakavilaza barazani. Akatoa na mfuko wa bolti mpya mbili za kufidia zile zilizokatwa.

Tupokigwe alisimama mlangoni, kanga kiunoni, mikono amekunja. Hakumkaribisha kiti.

"Hakuna kilichofungwa kwenye Zedi," Jawad akasema. "Vyote viko. Hesabu."

"Nitahesabu."

"Na kuna kingine." Alimeza mate. "Rogers aliposema umekubali, nilijua hapajakaa sawa. Wewe si mtu wa kutuma mtu. Nilijua. Nikasema nikikupigia utasema hapana, na babu hana miaka mingi. Kwa hiyo sikupiga. Ile habari ya eda ni kweli, lakini siku ile nilijifichia humo. Haikuwa heshima. Ilikuwa tamaa, nimeivalisha kanzu."

Mashine ya kuranda ya jirani ilizimika ghafla. Maneno yale yalimuuma Tupokigwe kuliko yote ya Jumapili. Lakini yalikuwa ya kweli, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alikuwa na kitu kigumu cha kukanyagia.

"Sasa umesema," akamwambia. "Nenda."

Akaenda. Hakuomba asamehewe, na Tupokigwe akaliweka hilo akilini, upande wa mema, ingawa upande huo ulikuwa bado na kitu kimoja tu.

Mchana akavifunua vyuma. Kwenye difu mstari wake mwekundu ulikuwepo. Kwenye propela, palipooshwa na thina ya Venance, palikuwa na mstari mpya: mnene kama uji uliomwagika, umepita mpaka kwenye bolti, umeacha na alama ya kidole gumba. Akatazama. Pale kwenye mzingo wa chuma kulikuwa na kibonyeo kidogo cha nyundo ya baba yake, na mstari wa kweli ulipita kando ya kibonyeo. Huu mpya ulikuwa tundu moja mbele. Ukiifunga hivyo, gari litatetemeka mpaka meno ya abiria yagongane.

Akachukua simu. Jawad Difu. Akapiga.

"Hii rangi amepaka nani?"

Upande wa pili mtu alikohoa. "Mie. Venance alikuwa ameshaifuta. Nimemwomba dada yangu Samiha, amezunguka maduka matatu. Amesema rangi ndiyo hiyo hiyo."

"Rangi ni yenyewe. Tundu siyo."

"Venance alikumbuka ni hapo."

"Venance anakumbuka kwa kutumia nini?"

"Nije nifute?"

"Usije. Utafuta na gari."

Alikata. Lakini simu ilikaa mkononi mwake, na alijikuta anacheka peke yake kwa hasira, mkono mdomoni, ili Rogers asisikie.

Alimwomba Mzee Marijani ruhusa ya siku chache. Akaingia chini ya Datsun na hakutoka ila kula na kulala. Na humo chini, akiwa na tochi kichwani na unga wa mbao machoni, akaliona jambo ambalo hakuwahi kulitazama vizuri. Raba ya klachi, ndogo kama kifuniko cha soda, ilikuwa kwenye droo yake mwaka mzima. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki ili gari liamke, hata kabla vyuma havijang'olewa. Kazi ya saa moja. Kila Jumapili aliipita akaenda kukaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa. Maana gari likiamka, baba hatakuwa amebakiza neno lolote la kusubiriwa.

Hasira ndiyo iliyomfikisha. Alizikasirikia patasi za mafundi, akamkasirikia Rogers, akamkasirikia yule mtu na tamaa yake, mwisho akajikasirikia mwenyewe, na ndani ya hasira hiyo akaichukua ile raba akaiweka mahali pake.

Gia boksi ilitaka watu wawili. Alikuwa anaisukuma kwa jeki peke yake, anatukana kwa Kinyakyusa, ndipo ikaonekana mikono mingine upande wa pili. Rogers. Hakuitwa. Aliinua, akashikilia mpaka bolti ya mwisho ikaingia, mishipa ya shingo imemtoka. Baadaye, wakinawa dizeli, alisema kwamba alidhani lile gari linamlaza dada yake chini kila Jumapili kama kaburi, na yeye alichoka kumwona hivyo. Vyumba vilikuwa kisingizio nusu. Tupokigwe akamwambia angesema hivyo hivyo, siku ile ile, kwa mdomo huo huo. Rogers akasema ndiyo.

Jumamosi saa kumi jioni alizungusha ufunguo. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa na kutapika moshi. Mafundi wa samani wakazima mashine zao, wakasimama ukutani na penseli masikioni. Mara ya tatu silinda zote sita zikaitika kwa pamoja, sauti nzito, laini, kama mtu anayefungua koo aanze kuimba. Mama alitoka nje na mwiko. Akasikiliza, akageuka haraka akarudi jikoni, na hakuna aliyemfuata.

*

Jumapili baada ya ibada, mwenye kitenge cha bluu na njano alionekana tena Barabara ya Kawawa, safari hii nyuma ya usukani. Viatu virefu ameviweka kiti cha nyuma, anaendesha pekupeku. Hakutuma ujumbe wala hakupiga.

Mzee Matar alikuwa barazani vile vile. Kabla gari halijatokeza getini aliinua kidole, akamnyamazisha Samiha aliyekuwa anamsomea gazeti.

"Silinda sita," akasema. "Nani huyo?"

Tupokigwe aliingia uani taratibu, akasimama pua kwa pua na Zedi. Maskini Zedi ilikuwa bado juu ya stendi, tumbo wazi, haijawekewa chochote. Jawad akatoka ndani na fulana na msuli, nywele hazijachanwa, akasimama kwenye ngazi kama mtu aliyesahau kushuka.

Tupokigwe akavaa viatu vyake kwanza, ndipo akashuka. Alimpita Jawad. Akaenda mpaka kwa mzee, akamwamkia.

"Babu, hii siyo Zedi. Lakini chini ni ndugu. Nimekuja kukuuliza kama utapenda kutembea kidogo."

Mzee Matar alitazama gari, akamtazama binti, akatafuta fimbo yake. Akasema kwamba tangu miguu igome watu humwambia, babu twende hospitali, babu twende tukakunyoe. Hajaulizwa hivyo siku nyingi.

Ilibidi abebwe. Jawad akambeba, akamweka kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Kisha akasimama pale, mkono kwenye mlango, hajui mahali pake.

"Naomba kukuuliza," akasema.

Tupokigwe akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Uliza."

"Naruhusiwa kupanda?"

Alimwacha asimame. Alimwacha kwa muda ambao Samiha pale barazani aliuma ncha ya mtandio wake.

"Nyuma," akasema.

Walitoka getini, gia ya kwanza, ya pili. Mtaani watoto walikimbia pembeni. Walipoingia barabara kubwa Tupokigwe akaweka ya tatu, na mzee akafumba macho, akaegemeza kichwa, akausikiliza mgurumo ule unavyopanda. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika. Alisema jina la mtu, labda mkewe, kwa sauti ndogo sana.

Kwenye taa za Magomeni walisimama. Ndipo sauti ikaja kutoka nyuma, karibu na sikio lake.

"Tupokigwe. Sijapitia kwa Rogers. Sijapitia kwa mama, wala babu hapa sijamwambia. Wazee watakuja kwenu wakiitwa, na mambo ya msikiti na kanisa tutakaa chini wawili tuyaongee mpaka yaishe. Lakini kwanza nakuuliza wewe. Utakubali nikuoe?"

Mzee Matar hakufumbua macho, ila kidole chake kwenye fimbo kiliacha kucheza.

Taa ikawa kijani. Tupokigwe aliondoa gari bila kujibu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anasikiliza kitu. Aliweka ya nne, akashusha kioo, akatega sikio kule nyuma, chini, kwenye difu. Hakukuwa na mlio, wala mtetemo. Propela na difu vilikuwa vimeshikana pale pale.

"Nimekubali," akasema. "Lakini hasira ninayo bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Zedi ipate difu lake."

Jawad akahema. "Miezi minne nimetafuta nchi nzima. Hilo difu halipo."

"Umetafuta na kanzu," Tupokigwe akasema. Akaitoa simu, akamrushia nyuma bila kugeuka. "Shika, ubadilishe lile jina. Ukimaliza mpigie Mzee Marijani, mwambie kesho nitachelewa. Nakwenda kulitafuta mwenyewe."